Programu ya biashara: ya wavuti, ya Play Store au ya iPhone?

Mwenye duka la jumla Kikuubo, Kampala, au mweka hazina wa SACCO kule Mbale, akitaka programu ya kuandikia mauzo na madeni, fundi humwambia upesi: "Tuiweke Play Store." Usikubali kabla ya kupima.

Nafasi ya kwanza tunaipa programu ya wavuti. Hufunguka kwenye kivinjari, hivyo Android, iPhone na kompyuta ya ofisini hutumia hiyo hiyo moja, na bei ukiibadilisha asubuhi hakuna anayehitaji kupakua toleo jipya. Simu ya GB 16 iliyojaa picha za WhatsApp haitakataa. Ila mkataba udai mambo matatu: anwani ya https, maana bila hiyo haiwezi kuhifadhi kurasa za kutumika mtandao ukikatika, ikoni za pikseli 192 na 512 ili ikae kwenye skrini kama programu nyingine, na jina la tovuti lisajiliwe kwako, si kwa fundi. Hili la tatu ndilo linaloumiza watu. Fundi akihama, anwani huondoka naye na wateja wako wote.

Kwenye iPhone, mwambie kila mtumiaji aiongeze kwenye skrini ya mwanzo. Asipofanya hivyo, Safari inaweza kufuta kumbukumbu zake baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila kuifungua, na arifa hazitamfikia. Arifa hizo pia zinataka iOS 16.4 au mpya zaidi.

Ya pili ni Play Store. Ichague ukihitaji kufuatilia boda zako skrini ikiwa imezimwa, au kuchapa risiti kwa printa ndogo ya Bluetooth, kwani nyingi za bei nafuu hazielewani vizuri na kivinjari. Usajili ni dola 25, mara moja tu. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 lazima kwanza iwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Anayekuahidi wiki moja kwa akaunti mpya ya namna hiyo anakudanganya.

App Store, duka la programu za iPhone, ni ya mwisho: dola 99 kila mwaka, kwa wateja ambao programu ya wavuti ingewatosha.

Kabla ya kumalizia malipo, washa hali ya ndege, andika mauzo matano, zima simu kabisa. Iwashe, rudisha mtandao, kisha uhesabu kwenye kompyuta. Yakiwa manne, au sita, pesa iliyobaki isitoke.