Upinde wa Bear wa vipande vitatu: niliusoma, nikauharibu kidogo, kisha nikaufufua

Mkoba ulikuwa wa ngozi bandia ya kahawia, zipu imeshika kutu, umeegemezwa kwenye mashine ya kukata nyasi. Ilikuwa gereji seli ya Jumamosi asubuhi hapa Lansing, Michigan, mji ninaoishi mwaka wa tisa sasa. Mama aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe alisema ndani mna fimbo za kuvulia samaki, dola 80, ukitaka chukua. Nilivuta zipu kidogo tu. Nilipoona ncha ya kwanza ilivyorudi nyuma, nikafunga zipu na kutoa pesa bila kuomba hata senti ipunguzwe. Mama yangu mzazi akisikia hilo atanisuta hadi Krismasi.

Mimi ni Mkamba wa Kitui. Babu alikuwa na uta uliokaa juu ya dari ya jikoni, umepigwa moshi hadi ukawa mweusi, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuugusa. Kwa hiyo nilidhani najua upinde ni nini. Nilipovimwaga vipande vitatu kitandani nikagundua sijui kitu.

Ni hivi. Kipande cha kati, ambacho wapiga mishale hapa wanakiita raiza, ni cha mbao nzito, na ndicho kina mahali pa kushika na pa kuegemeza mshale. Vipande viwili vya juu na chini ni bapa, mbao nyembamba iliyobanwa kwa gundi katikati ya matabaka ya fibaglasi nyeusi. Mipinde mingi ya kufungua ya siku hizi inaunganishwa kwa boliti. Huu hauna boliti hata moja. Unaingiza kitako cha bapa kwenye nafasi yake, unalaza komeo la chuma, linalia "tak", basi. Hakuna spana wala bisibisi. Nililifungua na kulifunga lile komeo mara kumi na kitu usiku ule, mke wangu akauliza kama nimenunua upinde au kitasa cha mlango.

Komeo hilo ndilo lililonipa jina. Ni Bear Take-Down, kazi ya kampuni ya Fred Bear, aliyeanzia Detroit mwaka 1933 na kuhamia Grayling mwaka 1947, kaskazini mwa hapa nilipo, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Mwaka 1978 kiwanda kilihamia Gainesville, Florida. Bapa langu la chini limeandikwa Grayling, kwa hiyo ni la kabla ya kuhama. Halafu kuna ile nembo ya duara kwenye raiza. Hadi 1972 Bear walikuwa wakizamisha nembo ya chuma ndani ya mbao ikalingana nayo, ukipitisha kidole huhisi kitu. Baada ya hapo wakaanza kubandika inayotokeza juu. Yangu inatokeza. Ukijumlisha hayo mawili unapata kati ya 1973 na 1978, na mimi sina haja ya kujua zaidi ya hapo.

Niseme jambo moja kwa wanaonunua mipinde ya Bear ya kipande kimoja, maana jirani yangu alikaribia kutapeliwa. Mingi ya miaka ya 60 ina maandishi ya hataza yenye mwaka 1953. Huo ni mwaka wa hataza ya Kanada, upinde wenyewe hauhusiki nao. Mtu akikwambia "huu ni wa 1953, tazama umeandikwa," aidha hajui au anajua sana.

Sasa ukubwa. Raiza zina herufi na mabapa yana namba. Raiza A ni fupi, B ni ndefu kidogo. A ikivaa mabapa namba 1 unapata upinde wa inchi 56, ikivaa namba 3 unapata 60. B na namba 1 ni 60 vilevile, B na namba 3 ni 64. Yangu ni B na mabapa namba 1, yaani inchi 60. Kumbuka hiyo 60, itanitia hasara baadaye kidogo.

Kabla ya kufunga upote wowote, yaani uzi wa upinde, niliukagua upinde kwa siku mbili, na hapa ndipo ninajisifu kwa sababu kwingine nilikosea. Unachukua pamba ya kawaida ya bafuni na kuipitisha taratibu kwenye kingo za kila bapa, juu hadi chini. Palipo na fibaglasi iliyochanika, pamba inanasa. Kisha unazima taa, unawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa bapa ili mwanga upite sambamba na uso wake. Nilipofanya hivyo moyo ulinishuka: bapa zima lilikuwa na mistari kama ziwa lililokauka. Nikapitisha ukucha. Ukucha haukukwama popote. Ilikuwa vanishi ya juu tu iliyopasuka kwa uzee, jambo la kawaida kabisa kwa mipinde ya umri huu. Mstari wa kuogopa ni ule unaokata bapa kwa upana na kunasa ukucha, au mahali ambapo tabaka zimeachana kwenye mshono wa gundi. Ukiona hivyo, utundike ukutani, usiuvute. Upinde ukivunjika umevutwa, vipande vinarudi usoni.

Bapa la juu lilikuwa limejipinda. Ukiutazama kutokea nchani, upote ulikaa upande wa kushoto wa mfereji wake badala ya katikati. Nadhani nafahamu chanzo. Wengi hapa hufunga upote kwa kupitisha mguu kati ya upinde na upote kisha kuusukuma kwa paja. Inafanya kazi, ila nguvu inaingia upande mmoja, na ukirudia miaka kumi bapa linakubali mkao huo. Kuna kamba maalum ya kufungia yenye vikombe viwili vya ngozi, dola 15, unaikanyaga na kuuinua upinde wima. Nunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kulinyoosha kulichukua jioni tatu. Draya ya nywele ya mke wangu (nimeshamnunulia nyingine), joto la kiasi ambacho mkono unaweza kuvumilia, nalishika bapa na kulipinda upande wa pili kupita kidogo pale ninapotaka, nalishikilia hivyo hadi lipoe. Jioni ya kwanza halikubadilika. Ya pili likasogea nusu. Ya tatu upote ukakaa katikati, na bado upo hapo. Usitumie bunduki ya joto ya mafundi wa rangi. Gundi ya ndani itaachia na hapo hakuna fundi.

Sasa kosa langu. Ile vanishi iliyopasuka ilikuwa inaniudhi. Usiku wa Jumatano, nimetoka kazini, nikachukua msasa namba 220 nikaanza na bapa la chini. Vumbi jeupe likatoka, fibaglasi nyeusi ikaonekana safi, nikanogewa. Nilipofuta kwa kitambaa nikaona nimefuta na zaidi. Maandishi ya uzito wa kuvuta yalikuwa 45#, yaani pauni 45. Yalikuwa yamekaa juu juu, chini ya vanishi ile ile niliyokuwa naiondoa, na nne yote ilikuwa imeenda na vumbi. Imebaki 5#, upinde wa mtoto wa chekechea.

Nilikaa kwenye ngazi za gereji kama mtu aliyefiwa. Maandishi yale yaliandikwa kwa mkono wa mfanyakazi fulani wa Grayling, na ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upinde. Mwenye kukusanya vitu vya zamani atakulipa kwa ajili yake kuliko kwa mbao inayong'aa. Kwa hiyo kama unao wako mezani sasa hivi: weka msasa chini. Piga picha kila andishi, lizungushie utepe wa karatasi, na sehemu hiyo isafishe tu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Mipasuko ya vanishi iache. Haina dhambi.

Raiza ndiyo iliyostahili kazi, kwa sababu jasho la mkono lilikuwa limeila mahali pa kushika hadi mbao ikawa ya kijivu. Hapo nilitumia msasa 320, kisha 400, kwa mkono, kufuata mishipa ya mbao, nikizunguka mbali na nembo. Halafu Tru-Oil ya Birchwood Casey, mafuta ambayo watu hapa huyapaka kwenye vitako vya bunduki. Tone moja kwenye kidole, unasugua hadi mbao ipate joto, unaacha siku nzima, unapitisha sufu laini ya chuma namba 0000, unarudia. Nilipaka mara sita. Ya kwanza na ya pili huoni tofauti, unaanza kudhani umeibiwa. Ya nne ndipo mishipa ilipojitokeza, kahawia iliyokolea kama chai ya rangi, na kuanzia hapo nilikuwa naamka alfajiri kwenda kuutazama. Chupa ndogo ilinitosha na nusu ikabaki. Nayapa mafuta haya alama zote.

Upote nao una kisa. Niliagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni, nikaandika "inchi 60". Ukanijia upote wa inchi 60 hasa, ukipima kwa utepe. Upinde wa inchi 60 huvaa upote ulio mfupi wake kwa inchi tatu hadi nne. Kwa kawaida upote huuzwa kwa kutaja urefu wa upinde, na mfumaji hukata mwenyewe. Nilipoufunga, hata baada ya kuusokota raundi nyingi, nafasi kati ya upote na mshiko ilikuwa ndogo mno badala ya karibu inchi nane. Nilipopiga mshale mmoja wa majaribio, upote ukanichapa ndani ya mkono hadi nikatukana kwa Kikamba, lugha ambayo huwa naihifadhi kwa mambo makubwa. Muuzaji alinijibu baada ya siku tisa kwamba alitimiza nilichoandika. Kweli alitimiza. Wa pili nikasema waziwazi: upinde wa AMO 60 (AMO ni kipimo cha watengenezaji wa mipinde), upote wa Dakroni. Dakroni ni muhimu. Nyuzi za kisasa zisizovutika ni za kasi, lakini ncha za mabapa ya miaka ile hazikuimarishwa kwa ajili yake, na mshtuko unaweza kuzipasua. Dakroni inanyumbuka kidogo na kuumeza huo mshtuko. Nikausokota upote raundi chache hadi nafasi ikafika inchi nane kamili, na kelele yote ikapungua.

Kwa kuwa nilishafuta uzito, ilibidi nipime. Nilitumia mizani ya mkononi ya kupimia mabegi ya ndege, ile ile ninayoogopa kila nikienda nyumbani. Ndoano kwenye upote, unavuta hadi inchi 28. Inchi hizo hazipimwi kwenye mshale tu: unapima kutoka upote hadi sehemu ya ndani kabisa ya mshiko, kisha unaongeza inchi moja na robo tatu. Mizani ikasema pauni 43. Kwa miaka karibu 50, kupungukiwa pauni mbili ni heshima. Mimi navuta inchi 27, kwa hiyo mkononi mwangu ni kama 40 na kitu.

Na unapigaje? Taratibu. Hakuna neno lingine. Unavuta, uzito unapanda sawasawa bila kukugomea mwishoni, unaachia, na raiza ile nzito inakaa mkononi kama imelala. Kwa mishale ya kaboni ya ugumu wa 500, kwa yadi 15, nilianza kuweka minne kati ya sita ndani ya sahani ya chakula kufikia wiki ya tatu. Vijana wenye mipinde ya magurudumu pale uwanjani walikuja kuangalia lile komeo, mmoja akaomba alilize "tak" mara mbili.

Malalamiko yangu ni machache. Ni mzito kuubeba mchana kutwa. Mabapa ya akiba ya enzi ile yanauzwa kwa bei ya wakusanyaji, si ya watumiaji. Na kujua kwamba hakuna anayeweza kurekebisha bapa likipasuka kunanifanya niukague kwa pamba kila Jumapili, kama mgonjwa wa sukari anavyojichoma kidole. Jumla yote, pamoja na upote uliopotea na draya, ni kama dola 190.

Nilimpigia Baba kwa video nikamwonyesha. Akauliza unavutwa kwa uzito gani, nikamwambia. Akanyamaza, akasema, "Uta wa babu yako hungeuvuta, mwanangu." Nikageuza simu nimwonyeshe mng'ao wa raiza, lakini yeye alikuwa anatazama bapa la chini.

"Hapo pameandikwa tano?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nitampigia kesho.