Mosasaurus au Tylosaurus: nani zaidi?

Hawa ni mosasauri, reptilia wakubwa wa baharini wa enzi za dinosauri. Kwa ukubwa wanakaribiana: wote walifikia takriban mita 12, ingawa hapa namtanguliza Mosasaurus kidogo. Umaarufu pia ni wake. Fuvu lake lilichimbuliwa Maastricht, Uholanzi, karne ya 18, na leo liko Paris.

Ila kwa ushahidi wa mlo, Tylosaurus hana mpinzani. Mmoja aliyefukuliwa Dakota Kusini, Marekani, alikutwa na mabaki ya samaki, ndege wa majini na mosasauri mdogo tumboni, yaani alikula hadi jamaa zake! Ncha ya pua yake ilikuwa mfupa mtupu, bila meno.

Unafuatilia maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, yaliyowamaliza dinosauri? Mchukue Mosasaurus, aliyekuwepo hadi mwisho. Unafundisha nani alimla nani? Tylosaurus.