Gari la Gia za Mkono: Lipi Ununue Kabla Hayajaadimika

Ukitaka gari jipya la familia, la ukubwa wa kati, lenye kijiti cha gia na klachi, utahangaika. Volkswagen Golf GTI ilikuwa na gia za mkono tangu 1976, lakini toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2024 lilikuja na otomatiki peke yake. Magari ya daraja hilo yanaondoka kimyakimya. Leo kijiti kimebakizwa kwenye toleo la bei ya chini tu, kesho hakipo kabisa kwenye orodha ya muuzaji.

Zamani mwenye gia za mkono alikuwa na hoja nzito. Otomatiki ilikuwa na gia tatu au nne, ilikuwa na uzito na ilikunywa mafuta. Siku hizi otomatiki ya gia 8 huishikilia injini kwenye mizunguko yake ya nafuu muda wote, na kwenye vipimo vya mafuta na moshi mguu wa dereva haufui dafu. Halafu kuna vifaa vinavyoliwezesha gari kulifuata la mbele, kusimama na kuondoka lenyewe kwenye foleni. Hivyo haviendi na gari linalosubiri mtu akanyage klachi. Umeme nao umekuja kumalizia kazi, kwa sababu mota ya umeme hutoa msukumo wake tangu inapoanza kuzunguka, na karibu magari yote ya umeme yana gia moja tu.

Hata hivyo, gia za mkono hazifi kila mahali kwa kasi moja. Zinafia katikati. Zinabaki kwenye magari rahisi na ya kazi, na kwenye magari ya starehe ya dereva. Nimepanga chaguo hapa chini kwa kuangalia hilo: wapi vipuri, mafundi na wanunuzi wa baadaye watakuwepo kwa muda mrefu zaidi.

1. Gari dogo la petroli lisilo na turbo

Hili ndilo la kwanza, na sioni la kushindana nalo kwa mtu anayenunua kwa akili ya kawaida. Bila turbo, yaani pampu ya kuongeza hewa kwenye injini, injini haina nguvu ya kuiumiza klachi, giaboksi yake ni nyepesi, na kubadilisha klachi ni kazi ambayo fundi yeyote mzoefu ameshaifanya mara nyingi. Suzuki Swift ya kizazi kilichoanza kuuzwa nje ya Japani mwaka 2024 bado inapatikana na gia 5 za mkono, tena pamoja na haibridi nyepesi, yaani mota ndogo ya umeme inayoisaidia injini ya petroli, kwa hiyo anayekwambia kwamba haibridi na klachi havikai pamoja amekosea.

Kwenye daraja hili utakutana pia na otomatiki ya roboti. Ni giaboksi ileile ya mkono, ila kanyagio la klachi limeondolewa na kazi yake kupewa mtambo mdogo wa kuibana na kuiachia. Gari linainama mbele kidogo kila gia inapopandishwa, na mtambo huo ni kitu kingine cha kuharibika. Kati ya hiyo na kanyagio, chukua kanyagio.

2. Pikapu na magari ya njia mbovu

Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, iliyozaliwa 1984, Toyota Hilux, na Suzuki Jimny. Hapa gia za mkono zina kazi inayoonekana: kushuka mteremko mkali ukiwa gia ya kwanza ya mwendo mzito (seti ya gia za polepole zaidi), injini ikizuia gari na breki zikipumzika. Jimny ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu otomatiki yake ina gia 4 tu. Mwenye gia 5 za mkono ndiye aliyepata giaboksi bora.

Nimeliweka la pili kwa sababu moja. Hata Land Cruiser 70 imeshaanza kupewa otomatiki ya gia 6 pamoja na injini ya dizeli ya lita 2.8, na wanunuzi wengi wa pikapu wanaelekea huko. Bado miaka ipo, lakini mlango unafungwa taratibu.

3. Magari ya raha

Mazda MX-5, ambayo imekuwepo tangu 1989, Toyota GR86, Honda Civic Type R ambayo haijawahi kuuzwa na otomatiki, BMW M2, na ukiwa na uwezo, Porsche 911 GT3. Toyota GR Supra ilizinduliwa 2019 bila kanyagio la klachi. Wapenzi wake wakalalamika, na 2022 kampuni ikatangaza toleo la gia 6 za mkono. Ferrari na Lamborghini zenyewe ziliachana na kijiti zaidi ya miaka kumi iliyopita. Sasa Ferrari za miaka ya 2000 zenye gia za mkono huuzwa ghali kuliko pacha wake wanaobadilisha gia kwa vibonyezo vya nyuma ya usukani.

Usichukue habari hiyo kuwa ahadi ya biashara. Bei hupanda kwa gari ambalo lilikuwa linatamaniwa tangu mwanzo. Sedani ya kawaida haitageuka dhahabu kwa sababu tu ina kijiti. Kama nafasi yako ni ya gari moja tu la raha, chukua MX-5: ina uzito wa takriban tani moja, na kijiti chake kina mwendo mfupi, kinaingia kwa kugusa kwa kiganja.

4. Dizeli ya turbo ya ukubwa wa kati, iliyotumika

Hapa ndipo wengi huingia mkenge. Bei inavutia, gari ni kubwa, fundi anasema injini iko sawa. Tatizo limejificha nyuma ya klachi: nyingi zina flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini) ya vipande viwili vyenye springi katikati, iliyowekwa kumeza mtikisiko wa injini. Springi zikichoka, inabadilishwa flaiwili nzima, na gharama inapita ya klachi yenyewe kwa mbali. Zima injini ukiwa umefungua kioo, usikilize. Ikigongagonga wakati inakufa, punguza bei sana au ondoka.

Gari lolote la klachi lililotumika lifanyie jaribio hili. Kwenye uwanja tambarare, mbele pakiwa wazi, vuta hendibreki mpaka mwisho, weka gia ya nne, kisha achia klachi polepole huku ukitia mafuta kidogo. Injini inatakiwa izime palepale. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, maana ukirudia unaiunguza wewe mwenyewe. Baadaye barabarani, shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili bila haraka. Ikikwaruza, sinkro ya gia ya pili, yaani pete inayoilainisha gia inapoingia, imekwisha. Sikiliza na bearing: kelele inayokuja ukikanyaga klachi ni ya bearing ya klachi, na inayopotea ukikanyaga mara nyingi iko ndani ya giaboksi, ambako ni ghali zaidi.

5. Umeme wenye gia za kuigiza

Hyundai Ioniq 5 N, iliyotoka 2023, ina programu inayoiga gia 8, pamoja na mtikisiko na sauti. Inachekesha na inafurahisha, lakini hakuna klachi. Inunue kwa sababu ni gari zuri la umeme, si kwa kutafuta kijiti.

Jambo la mwisho ni leseni. Katika nchi za Ulaya, aliyefanya mtihani kwa otomatiki kwa kawaida huwekewa kizuizi kinachoandikwa kwa namba 78, na haruhusiwi kuendesha gari la klachi. Ujerumani ililegeza hilo Aprili 2021: mwanafunzi anaweza kufanya mtihani kwa otomatiki na bado akapata ruhusa kamili, mradi awe amesoma vipindi visivyopungua 10 vya dakika 45 kwenye gari la gia za mkono na shule yake imempima. Kwa hiyo kama gari litaendeshwa na watu kadhaa nyumbani, kagua leseni za wote kabla hujalipa.