Toyota 86 ya manyuo kutoka Japani: uzoefu wangu wa kuitafuta, kuitoa bandarini na kuiendesha

Nianze na hukumu, wenye haraka wapate chao. Ukitaka gari la kuacha watu kwenye mataa, usinunue 86. Forester XT ambayo tabo yake bado ni nzima itakutangulia, na Crown Athlete ya 3.5 itakupita dereva akiwa anaongea na abiria wake. Lakini kama umekaa miaka unatamani gari la michezo ambalo raha yake inaanzia spidi 60 kwenye kona, na siyo 160 kwenye barabara iliyonyooka, kwa pesa hii sijaona la kuliweka mbele yake.

Ninayoizungumzia ni ZN6 (msimbo wa bodi ya kizazi cha kwanza), daraja la GT, manyuo ya gia sita, toleo lililofanyiwa maboresho mwaka 2016. Injini ni FA20 ya Subaru, silinda nne zilizolala, cc 1,998, nguvu farasi 207 kwenye mizunguko 7,000. Toyota walichangia mfumo wa mafuta wa D-4S, ambao kila silinda ina nozeli mbili: moja inapuliza ndani ya silinda, nyingine kwenye njia ya hewa. Gari lenyewe liliunganishwa kwenye kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, na pacha wake, Subaru BRZ (ZC6), ni karibu kitu kilekile. Hilo lina maana moja kwa mwenye gari: fundi wa kumtafuta ni anayeijua injini ya Subaru, hata kama nembo ya mbele ni ya Toyota. Fundi aliyezoea 1NZ, injini ya Toyota ndogo za kawaida, atakufungulia boneti, aitazame injini iliyolala chini kabisa, halafu aanze kukuuliza maswali wewe.

Raha iko wapi? Kwanza, unavyokaa. Kiti kiko chini kiasi kwamba dereva wa bajaji anakutazama kutoka juu. Usukani ni mdogo, pedali zimepangwa karibu karibu, na mkono ukitoka kwenye usukani unaangukia mpini wa gia bila kuutafuta. Kioo cha mbele kinakuonyesha mabega mawili ya bodi juu ya matairi, na hayo ndiyo unayotumia kulipima gari kwenye njia nyembamba. Toyota wanatoa kimo cha kitovu cha uzito kuwa milimita 460 kutoka ardhini, na gari zima halifiki kilo 1,300. Ukikata kona bodi halilali. Unageuza kidogo, pua inaingia palepale, na nyuma inafuata kwa namna unayoisikia kiunoni kabla hujaiona.

Barabara ya kulielewa gari hili ni ile ya kutoka Mombo kupanda Lushoto kupitia Soni, kilomita zipatazo 33 za kona juu ya kona. Ni gia ya pili na ya tatu karibu safari nzima, na huhitaji kuvunja sheria hata moja ili ufurahi. Piga honi kwenye kona zisizoonekana, maana malori ya mboga yanashuka yakiwa yamekalia katikati ya barabara.

Kuna jambo moja linalowavunja moyo wengi siku ya kwanza. Kati ya mizunguko 3,200 na 4,500 hivi injini inalegea, kama vile pedali imeachiwa kidogo. Siyo plagi, siyo pampu, na usimruhusu mtu akuuzie spea kwa ajili hiyo. FA20 ya kiwandani ndivyo ilivyo, na maboresho ya 2016 yalipunguza tu. Wengine hubadilisha manifodi ya ekzosi na kuandika upya programu ya injini, na kweli inasaidia. Mimi dawa yangu ni ya bure: kabla ya kona nashuka gia moja zaidi ya ile ambayo ningetumia kwenye gari la kawaida, sindano inakaa 5,000, na kutoka hapo hadi kwenye mstari mwekundu injini inavuta kwa hamu.

Gia ya pili asubuhi hukaza. Hii nayo ni tabia, si ubovu. Usilazimishe; achia gari litembee dakika kumi taratibu, oili ya gia boksi ipate moto, ndipo ikubali kuingia laini. Wanaolazimisha kila asubuhi ndio hao baadaye gia inawakwaruzia hata ikiwa ya moto. Oili ya gia boksi ni lita 2.2 za 75W-90, na iwe ya kiwango cha GL-3 au GL-4. Difu inataka GL-5, 75W-85, lita 1.15. Fundi asichanganye hizo mbili: ile GL-5 ya difu ikiwekwa kwenye gia boksi, gia huzidi kuwa ngumu.

Sasa kununua. Pesa nyingi inapotea hapa, kabla hata gari halijapanda meli. Dai karatasi ya mnada yenyewe (ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani), siyo maelezo ya muuzaji juu ya karatasi. Alama ya jumla 4 au 4.5, na alama ya ndani ya gari B, inatosha kabisa. R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Kwa Noah ya familia unaweza kujadiliana bei. Kwa gari hili mimi siigusi, kwa sababu gari la tairi za nyuma likiteleza likapiga ukingo wa barabara, mikono ya nyuma inapinda kiasi ambacho alaimenti haikai tena, na utalipia matairi kila baada ya miezi michache. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. W moja kwenye mlango haina neno. XX kwenye fenda zote mbili za mbele pamoja na boneti ni hadithi ndefu, hata kama hakuna R. S ni kutu: omba picha za uvunguni, hasa kama gari limeishi Hokkaido au mikoa ya theluji, wanakomwaga chumvi barabarani.

Chagua lisilochezewa. Ekzosi ya kelele, springi zilizokatwa, chujio la hewa la wazi, vyote hivyo vinakwambia jinsi lilivyoendeshwa. Kama lazima uchague kati ya gari lenye kilomita 90,000 la kiwandani na lenye 50,000 lililoshushwa chini, chukua la 90,000. GT na GT Limited huja na difu ya Torsen, ambayo kwenye kona inapeleka nguvu kwenye tairi lenye mshiko. Kwenye madaraja ya chini thibitisha kwanza.

Kuhusu mwaka: magari ya 2012 na 2013 yaliitwa kurudishwa mwezi Novemba 2018 kwa ajili ya springi za valvu zinazoweza kukatika. Kazi hiyo inataka injini ishushwe na kufunguliwa, na silikoni ikizidishwa wakati wa kufunga inaweza kuziba njia ya oili. Ukinunua la miaka hiyo, uliza kama kazi ilifanyika.

Tena mwaka unaingia kwenye kodi. Kwa Tanzania hesabu ya TRA inakwenda hivi: ushuru wa forodha asilimia 25 ya CIF (bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli), halafu ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi 2,000. Hizo cc 1,998 zinakuokoa, zingezidi 2,000 ingekuwa 10. Gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, lililozidi 10 linaongezewa 30, kisha VAT ya 18 inapigwa juu ya jumla yote. Kwa lugha ya mfukoni: kila shilingi 100 ya CIF inakuwa kama 155 kwa gari ambalo halijafikisha miaka 8, 177 kwa la miaka 8 hadi 10, na 199 kwa lililozidi 10, kabla ya tozo ndogo za reli, usajili na gharama za bandari na wakala. Kwa hiyo lile la 2012 linaloonekana rahisi mnadani likifika huwa limeshaikaribia bei ya lililo jipya zaidi. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela, maana wanatumia thamani yao kama ankara yako iko chini, na viwango vinaweza kubadilika kila bajeti mpya inapoanza Julai.

Siku ya kulitoa bandarini, nenda na betri ya kuazima na waya. Gari limekaa melini na kwenye yadi wiki kadhaa, betri mara nyingi imelala. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma wa kufungulia mlango, lakini angalia: vioo vya 86 havina fremu, na kwa kawaida kioo hushuka kidogo mlango unapofunguliwa. Betri ikiwa imekufa hakishuki. Vuta mlango polepole, na usiubamize kuufunga, utaumiza raba ya juu au kioo chenyewe. Kabla ya kusaini, tafuta vitu vitatu: rimoti ya pili, soketi ya nati za usalama za rimu (hukaa kwenye deshibodi au chini ya zulia la buti), na tairi la akiba. Baadhi hayana tairi, yana dawa ya kuzibia na pampu tu. Ile soketi ikikosekana, pancha ya kwanza itakupeleka kwa mchomeleaji.

Nyumbani, kabla ya kuanza kulisifia kwa majirani, mwaga oili. Injini inachukua lita 5.4 pamoja na chujio, 0W-20 halisi, siyo feki. Wanaoliendesha kwa nguvu kwenye joto huweka 5W-30, kwani gari halikuja na kipoza oili. Chujio limesimama juu ya injini, unalifungua kutokea boneti. Weka tambara pembeni yake, na bolti ya chini ya kumwagia oili ifungwe na washa (pete) mpya. Badilisha kila kilomita 5,000. Upepo wa matairi 215/45R17 ni psi 35 pande zote. Petroli: uwiano wa mgandamizo ni 12.5 kwa 1 na injini ilipangwa kwa petroli ya juu ya Japani, kwa hiyo jaza daraja la juu kabisa linalouzwa kituoni, na kituo chenye mauzo makubwa. Kwangu inakwenda kilomita 9 kwa lita kwenye foleni na 13 safarini, tangi ni lita 50.

Barabara zetu zinalidai heshima. Uvungu uko milimita 130 tu kutoka ardhini. Matuta ya kawaida linapita ukienda taratibu. Yale ya kujitengenezea mtaani, panda mshazari, tairi moja kwanza. Kinachoumia mwanzo si injini. Ni kava la plastiki la chini, ambalo klipu zake hukatika moja moja mpaka siku linaanza kuburuzika. Nunua klipu ishirini, ziweke kwenye buti, ni bei ya soda. Mvua za masika, pale Jangwani, Dar es Salaam, panapofurika, pitia njia nyingine. Injini ikimeza maji, konrodi inapinda, na hapo unatafuta injini nzima.

Kelele zitakutisha. Mlio kama wa nyenje juu ya injini ikiwa sailensa (inaunguruma gari limesimama) ni pampu ya mafuta ya presha kubwa, haina madhara. Mlio wa ndege unaopotea ukigusa klachi kwa kidole cha mguu ni beringi ya klachi na uma wake. Unaweza kuishi nao, lakini siku gia boksi inashushwa badilisha vyote pamoja, usifungue mara mbili. Oili ikilowanisha kava la mbele la injini, ni silikoni imechoka. Fuatilia kiwango kwenye stiki. Plagi ni Denso ZXE27HBR8, na kazi ya kuzibadilisha inamchosha fundi kwa sababu vichwa vya silinda vimebanana na chasisi. Akikuambia amemaliza kwa nusu saa, kagua.

Redio ya Kijapani inaanzia FM 76 na nyingi zinaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi hutazipata bila kibadili masafa au redio mpya. Ramani ni ya Japani, isahau.

Viti vya nyuma vipo kwa ajili ya bima na mabegi. Ukivilaza, matairi manne yenye rimu yanaingia. Watoto wawili wadogo wanakaa vizuri mpaka Kibaha. Mtu mzima akae mbele, au apande basi.