Ujerumani Ingetangulia Kupata Bomu la Atomiki? Nachambua Michezo ya "Ingekuwaje Kama"

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Nina ile michezo ya kompyuta ya mkakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambayo unashika nchi, unapanga majeshi, na ukiamua, unaifanya Ujerumani ya Hitler ipate bomu la atomiki kabla ya Marekani. Jina la mchezo sitaji, maana ugonjwa ninaotaka kuusema ni wa ukoo mzima.

Kwa kucheza tu, sina neno. Ramani zinavutia, muziki uko sawa, usiku unapita hujui. Ila swali ninaloulizwa kila mara ni moja: ingewezekana kweli?

Tazameni hapa kwenye skrini. Unafungua ukurasa wa utafiti, unabonyeza nyuklia, mstari unaanza kujaa. Ukijaa, tayari una bomu, na kalenda inasoma 1944. Umelipa pointi zaidi kidogo tu ya ulizolipa kuboresha kifaru. Uongo umejificha kwenye huo mstari.

Wazo lenyewe si la kipuuzi, tuwe wakweli. Waliogundua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuka walikuwa Otto Hahn na Fritz Strassmann, Berlin, Desemba 1938. Aprili 1939 Wajerumani walikuwa na kundi lao la wanasayansi wa urani, na vita ilipoanza jeshi likalichukua. Werner Heisenberg, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa wakati ule, alikuwa kwao. Ndiyo maana Einstein alitia saini ile barua ya kumwonya Rais Roosevelt wa Marekani mwezi Agosti 1939. Hofu ilikuwa halali kabisa.

Sasa, watunzi wa michezo hii wanapenda sana mlango mmoja: grafaiti, ile kaboni ya kwenye penseli. Mwaka 1941 mwanafizikia wa Kijerumani Walther Bothe aliipima akaona haifai kupunguza kasi ya nyutroni, chembe zinazopasua kiini cha urani. Kumbe iliyopimwa ilikuwa na uchafu. Kule Marekani mwanafizikia Leo Szilard aling'ang'ania itafutwe grafaiti isiyo na boroni, uchafu unaomeza nyutroni, na Desemba 2, 1942 kinu cha nyuklia cha mwenzake Enrico Fermi kikawaka Chicago. Wajerumani wakabaki wanategemea maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito ambayo nayo hupunguza kasi ya nyutroni, ya kiwanda cha Vemork, Norway, ambacho makomando wa Kinorwe walikilipua Februari 1943. Mwaka uliofuata hata kivuko kilichobeba maji yaliyobaki kikazamishwa ziwani. Kwa filamu, hapo ni patamu. Kwa hiyo mchezo unakwambia: mrekebishie Bothe kipimo, linda Vemork, bomu lako hilo.

Hapana. Ukirekebisha vyote viwili unapata kinu, na kinu si bomu. Angalieni walipofikia wenyewe. Machi 1945, mji mdogo wa Haigerloch, kwenye pango chini ya kanisa, sehemu iliyokuwa stoo ya bia. Vipande 664 vya urani, kila kimoja saizi ya kushikika mkononi, vimening'inizwa kama shanga. Vikizama kwenye maji mazito, nyutroni zinaongezeka, halafu basi, mwendelezo wa viini kupasuka haujishiki wenyewe. Vipande vingine vilikuwa kwa kundi lingine la Wajerumani, la Kurt Diebner, maana hata urani kidogo waliyonayo walikuwa wanagombania. Aprili Wamarekani wakafika.

Wamarekani wenyewe walifanyaje? Oak Ridge ulikuwa mji mzima uliojengwa kwa siri kurutubisha urani, yaani kuchuja ile aina adimu inayofaa bomu. Hanford walijenga vinu vya kutengeneza plutoniamu, mali ghafi nyingine ya bomu. Shaba ilipokuwa adimu, waliazima hazina ya serikali zaidi ya tani 13,000 za fedha, hii ya vito, wakatengenezea nyaya za sumaku. Watu zaidi ya 120,000, dola bilioni 2 za wakati ule. Na hakuna ndege ya adui iliyokuwa inapita juu yao. Ujerumani ingeuficha wapi mji kama huo mwaka 1943, wakati Hamburg inateketea?

Heisenberg mwenyewe alilisema hilo. Baada ya vita yeye na wenzake tisa walizuiliwa Uingereza, kwenye nyumba ya Farm Hall, bila kujua kuta zina vinasa sauti. Habari ya Hiroshima ilipofika, kwanza hakuamini. Baadaye akakiri kwamba mwaka 1942 wasingethubutu kuiambia serikali iajiri watu 120,000 kwa kazi hiyo tu. Na kweli, mwaka huohuo walipokutana na waziri wa silaha, Albert Speer, waliomba hela ndogo mpaka mwenyewe akashangaa.

Kuna mtu atasema hawakuwa na urani. Walikuwa nayo, na hapa ndugu zangu wa Katanga msikilize. Urani bora kuliko yote ilitoka kwenu Kongo, mgodi wa Shinkolobwe. Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, na Marekani ikayanunua yote. Lakini Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka huohuo, nao walikuta shehena yao huko. Takriban tani 1,100 zilikutwa Stassfurt, Ujerumani, Aprili 1945. Mchezo unaonyesha alama ndogo ya urani kwenye ramani ya Kongo, basi, hata jina la mgodi hakuna. Hilo limeniudhi.

Mlango wenye mantiki uko mwaka 1933, Hitler alipowafukuza Wayahudi vyuoni. Wanafizikia Hans Bethe, Rudolf Peierls, Otto Frisch: wote waliishia upande wa pili. Peierls na Frisch ndio walioandika Birmingham, Uingereza, mwaka 1940, kwamba urani iliyorutubishwa inayotosha bomu ni kilo chache tu. Mwanafizikia Lise Meitner, aliyefanya kazi na Hahn miaka 30, alitoroka miezi michache kabla ya ule ugunduzi. Wabakize hao Ujerumani, umepata mashindano ya kweli. Lakini serikali ambayo ingewabakiza isingekuwa ya Wanazi, na huenda hata vita isingekuwepo. Mchezo huu haukuruhusu kuugusa mwaka huo, kwa sababu ukiugusa, mchezo wenyewe unakufa.

Bado usafiri. Bomu la Hiroshima lilizidi kilo 4,000. Roketi ya Wajerumani, V-2, ilibeba tani moja hivi. Kwenye mchezo unalifunga juu ya roketi, London inapotea. Nani kalipunguza uzito? Hatuambiwi.

Burudani naipa nane kwa kumi, mantiki tatu. Likitokea punguzo la bei, nunua. Ukicheza, shika Marekani na uhesabu mwenyewe miji unayolazimika kujenga kabla ule mstari haujajaa.