Kupima saratani ya utumbo mpana Lubumbashi: maelezo mazuri, majibu ya dirishani

Kliniki ninayoieleza iko Lubumbashi, upande wa Kamalondo, na huwapokea watu wa miaka 45 na zaidi wanaotaka kupima saratani ya utumbo mpana ingawa hawaumwi popote. Nilimsindikiza baba yangu mkubwa, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, ambaye alikubali kwa shingo upande.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni maelezo ya muuguzi. Wazee wetu wengi hawakatai kipimo hiki kwa ukaidi, bali hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kipo, na mtu anayekula vizuri na kulala vizuri haoni sababu ya kupeleka choo maabara. Akiona damu husema ni bawasiri, hununua dawa ya mizizi sokoni, na habari inaishia hapo. Muuguzi aliketi karibu na Baba, akamweleza kwamba saratani hii mara nyingi huanza kama kijinyama kwenye ukuta wa utumbo, kwamba kijinyama hicho huweza kuchukua miaka 10 hivi kabla ya kugeuka saratani, na kwamba kikiondolewa mapema hakifikii huko. Aliuliza pia kama kuna mzazi au ndugu aliyewahi kuugua, swali la maana sana, kwa kuwa mwenye historia hiyo huanza kupimwa mapema zaidi.

Baba aliuliza kwa sauti ya chini, “Sasa choo nitakitoa mbele ya nani?”

“Hakuna atakayekuona, Baba. Kichupa hiki unakwenda nacho nyumbani.”

Akamwonyesha kijiti kilichoshikamana na kifuniko, namna ya kukichomeka kwenye kinyesi sehemu chache, kukirudisha na kufunga barabara. Kipimo chenyewe hutafuta damu ya binadamu isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo hakumlazimu kuacha nyama, kama vipimo vya zamani vilivyodai. Nchini Ufaransa watu wa miaka 50 hadi 74 hualikwa kupima kila baada ya miaka 2. Kwetu mwaliko huo hauji nyumbani, ndiyo maana neno la muuguzi au daktari lina uzito mkubwa namna hii.

Bei ya kipimo ilitajwa wazi mapokezini, nami nawasifu kwa hilo. Lakini nilipouliza damu ikionekana itakuwaje, nilijibiwa kwamba tutaona baadaye. Jibu hilo halitoshi hata kidogo, kwa sababu mwenye damu anahitaji kolonoskopia, yaani kuingiziwa mpira wenye kamera ndani ya utumbo baada ya kunywa dawa ya kuusafisha, na familia inapaswa kujua mapema itafanyika wapi na kwa fedha kiasi gani.

Kibaya zaidi, majibu ya Baba, ambayo kwa bahati njema hayakuonyesha damu, yalisomwa kwa sauti dirishani huku foleni nzima ikisikia. Kipimo hiki hurudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mzee aliyetahayarishwa mbele za watu ni vigumu kumrudisha.

Hata hivyo ningempeleka mzazi mwingine hapo. Ulizeni gharama ya kolonoskopia kabla ya kulipa chochote, na ombeni majibu yatolewe ndani ya chumba cha daktari, mlango ukiwa umefungwa.