Giselle kwenye sinema: wachezaji walivyosingiziwa kuchelewa

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike, hazikupoa. Basi naandika nazo hivyohivyo.

Nilikwenda kuangalia baleti ya Giselle kwenye ukumbi wa sinema, yale maonyesho yanayorushwa mubashara kutoka jukwaani. Baleti nyingi nimeziona kwa njia hiyo, na nyingine nyingi nimeziona nikiwa ndani ya ukumbi wenyewe wa maonyesho, nikisikia viatu vikigonga mbao. Safari hii sikwenda peke yangu. Nilimchukua mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 11, ambaye hakuwahi kuona baleti hata moja maishani mwake. Watu wengi huwaanzisha watoto na The Nutcracker, kwa ajili ya theluji na wanasesere. Mimi nilimchagulia Giselle makusudi, kwa sababu namjua, ana moyo wa kubeba hadithi nzito.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa asiyeijua: Giselle ni msichana wa kijijini, moyo wake ni dhaifu na mama yake anamkataza kucheza, naye anacheza. Anampenda kijana anayejiita mtu wa kawaida kumbe ni mtoto wa watawala, Albrecht, na tayari ana mchumba wa hadhi yake. Siri inapofichuka, Giselle anarukwa na akili mbele ya kijiji kizima. Nywele zinafumuka. Anaanza kurudia hatua alizocheza na Albrecht walipokuwa na furaha, lakini anazirudia vibaya, mguu unaburuzika, anasahau, anaanza upya. Mapema walichuma ua pamoja na kuhesabu petali, ananipenda, hanipendi. Sasa anachuma petali za ua ambalo halipo.

Onyesho hilo nimeliangalia kutoka viti vya juu kabisa mara nyingi, na kutoka kule ninachoona ni mwanamke mdogo aliyepotea katikati ya watu. Kwenye skrini niliona vidole. Niliona kidole gumba na cha shahada vikibana hewa, kimoja baada ya kingine, na macho yake yakifuata petali zikianguka. Mtoto aliushika mkono wangu hakuuachia mpaka Giselle alipodondoka akafa. Nikasema moyoni, huyu sasa nimeshampata, baleti imeshamwingia.

Halafu yakaja mapumziko.

Huwa wakati wa mapumziko chumba kilekile cha matangazo kinaendelea kutuma picha, mahojiano, vipande vya mazoezi. Ukumbi wetu ulikata yote hayo, ukaweka matangazo yake ya biashara. Sawa, kila mtu anatafuta riziki. Lakini waliporudi kwenye onyesho walirudi vibaya, na nina uhakika mkubwa kwamba ndipo kosa lilipoingia, kwa sababu kabla ya hapo halikuwepo. Sauti na picha kwenye mitambo ya sinema zinapita njia mbili tofauti, na kila moja inachelewa kwa kiasi chake. Ndiyo maana kuna mahali pa kurekebisha, unaongeza au kupunguza milisekunde mpaka vikutane. Kinachofaa kwa filamu ya kawaida hakifai kwa matangazo yanayotoka kwenye setilaiti. Mtu akibadili chanzo bila kuangalia mpangilio, vinaachana.

Viliachana. Muziki ukatangulia.

Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Sehemu ya pili inaanza usiku msituni, na Myrtha, malkia wa wale wanawali waliokufa kabla ya ndoa, ambao sasa Giselle ni mmoja wao, anaingia kwa hatua ndogondogo za haraka juu ya ncha za vidole, kama mtu anayetelezeshwa juu ya maji. Kwa mwendo ule huwezi kujua kama kuna kasoro, hatua ni nyingi na nyepesi. Kisha akaruka. Noti ya kutua ikalia, na yeye bado yuko hewani. Akaruka tena. Ikalia tena kabla yake.

Sikio la binadamu linavumilia sauti inayochelewa, maana hata katika maisha ya kila siku tunamwona mtu wa mbali akipiga shoka kabla ya kusikia pigo. Sauti inayotangulia hatujaizoea, haipo duniani. Ndiyo maana inachefua hata ikiwa ni kwa kiasi kidogo sana, na hii haikuwa kidogo.

Nikajizuia mpaka wakaingia wanawali wote. Waliowahi kuona Giselle wanajua ninaongelea nini. Mistari miwili, mmoja unatoka kulia na mwingine kushoto, wote wamesimama kwa mguu mmoja, mwingine umenyooka nyuma, na wanavuka jukwaa kwa kurukaruka kidogo kwa mguu uleule waliosimamia, mistari inapishana katikati bila mtu kumgusa mtu. Kwenye ukumbi wa kweli watu hupiga makofi hapo hata kama ni mara yao ya 10. Kila kijiruko kina pigo lake. Safari hii kila pigo lilikuja likiwa peke yake, halafu miguu ikafuata, pigo, miguu, pigo, miguu, kama watu wanaoitikia wimbo wasioujua.

Nikatoka nje.

Kijana wa mlangoni alinisikiliza kwa heshima, akanipeleka kwa msimamizi wa zamu. Msimamizi alikuwa amekaa na simu mkononi.

"Kaka, samahani, sauti inatangulia picha kule ndani."

"Iko sawa, dada."

"Haiko sawa. Njoo uangalie mwenyewe, dakika moja tu."

Hakuinuka. Akaniuliza mbona wengine hawajalalamika. Nikamwambia wengine wako ndani wanajaribu kuangalia, mimi nimejitolea kukosa ili nije nikuambie. Hapo ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka mikono inatetemeka:

"Ingekuwa filamu ya watu wanaongea ningekuelewa. Lakini hawa si wanarukaruka tu? Watu wapo, muziki upo. Shida iko wapi?"

Nilijibu, ila sikujibu vizuri, nilikuwa na hasira. Nijibu sasa. Kwenye baleti mguu ndio mdomo. Hakuna neno hata moja, kwa hiyo kila kitu kimewekwa pale mguu unapokutana na noti. Mchezaji akitua juu ya noti, anasema jambo moja. Akiichelewesha kidogo kwa makusudi, anasema jambo lingine, kwamba hataki kuondoka, kwamba anachoka, kwamba anamwonea huruma aliye mbele yake. Ukitenganisha mguu na noti umemkata ulimi. Kwenye filamu ya watu wanaoongea, midomo ikipishana na maneno bado ningeelewa wanachosema. Hapa nilibaki sina chochote.

Niliporudi kwenye kiti, wale wawili walikuwa wanamaliza kucheza pamoja, pale ambapo viola inaimba peke yake na Albrecht anamwinua Giselle kama hana uzito. Kipande hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika baleti zote. Nilikikosa nikibishana mlangoni na mtu asiyetaka kuinuka.

Mtoto akaninong'oneza: "Mama mdogo, hawa wa sasa hivi hawajui kama wale wa mwanzo."

Ni walewale! Yule Giselle ni yuleyule aliyemshika moyo saa moja iliyopita. Mtoto hakusema sauti ina kasoro. Angejuaje? Aliona watu wanachelewa, akahukumu kwamba hawajui kazi yao. Na pengine ukumbi mzima ulihukumu hivyohivyo, ndiyo maana hakuna aliyelalamika.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kuliko hata ule utovu wa adabu. Mabinti wale wameanza shule ya baleti wakiwa wadogo kuliko mpwa wangu. Wamekaa miaka wakijifunza kuvuta pumzi pamoja, kuinua kichwa kwa kiwango kimoja, mpaka watu zaidi ya 20 wawe mwili mmoja. Giselle yenyewe imebebwa kwa miguu ya watu. Ilichezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841, Carlotta Grisi akiwa Giselle, kwa muziki wa Adolphe Adam. Paris wenyewe wakaiacha mwaka 1868. Ingekufa kama si Warusi kuendelea kuicheza, mtunga hatua wao Petipa akiipanga na kuipanga upya, mpaka ikarudi Paris mwaka 1910 na wachezaji Karsavina na Nijinsky. Kizazi kikakionyesha kizazi hatua kwa hatua, huyu akamwambia yule mkono uwe hapa, shingo iwe hivi. Ikafika kwetu nzima. Halafu mtu mmoja akakataa kuinuka kitini, na usiku ule wachezaji wakasingiziwa mbele ya mtoto kwamba wamechelewa.

Mwishoni meneja alinipa tiketi ya bure ya filamu yoyote nitakayochagua. Hakuomba radhi kwa wachezaji, wala sikutarajia. Kwa hiyo neno langu ni hili: msiende. Kama mnaipenda baleti, wekeni akiba mwende ukumbi wa kweli, hata kiti cha nyuma kabisa.

Na nilifanya hivyo. Wiki chache baadaye kikundi kilikuwa kinacheza Swan Lake, nikamnunulia mtoto kiti pembeni yangu juu kabisa. Nilitaka asikie. Na alisikia. Alipoona okestra imekaa kwenye shimo lake mbele ya jukwaa, aliinama kwenye ukingo mpaka nikamshika nguo. Yalipofika yale mazungusho 32 ya Odile, binti wa mchawi, juu ya mguu mmoja, nilimwonyesha kiongozi wa okestra akimwangalia mchezaji, akimfuata, akiharakisha pale yeye anapoharakisha. Mzungusho wa mwisho na pigo la mwisho vikakutana, ukumbi ukalipuka, na mtoto akaruka juu akapiga kelele. Hiyo ndiyo haki yao. Nilitaka kumwita yule msimamizi asimame pale aone.

Lakini lazima niseme na lililobaki, maana sitaki kudanganya. Mbele yetu alikaa bwana mrefu mwenye mabega mapana, na robo ya jukwaa ikapotea nyuma yake. Odette, yule binti aliyegeuzwa bata maji, alipokuwa anaagana na mwana wa mfalme Siegfried pale ziwani, mtoto aliniuliza, "Analia, au anamwambia kitu?" Sikuweza kumjibu. Kutoka kule juu mimi mwenyewe sikuona. Najua analia kwa sababu najua hadithi. Akaniuliza tena njiani tukirudi: "Kule kwenye sinema tuliona vidole vyake. Hapa mbona hatuoni?"

Siku mbili nimekaa na swali hilo. Ni kweli, vidole vile vya Giselle nisingeviona kamwe kutoka kiti ninachoweza kukilipia. Miaka yote nimeangalia onyesho la kurukwa na akili nikikisia uso. Na kule kwenye sinema, hata kama sauti isingeharibika, ningekasirika kidogo na mwongozaji wa kamera, kwa sababu mistari ya wanawali ilipoanza kupishana alikata akatuonyesha uso mmoja, wakati uzuri wote uko katika mchoro wa watu wote, mchoro ambao kiti cha juu kinauona kuliko kiti chochote cha bei. Kwa hiyo kila upande unanipa na kuninyima. Niliposema msiende, nilisema kwa uchungu. Sijui kama bado nasema hivyo. Nasema msiende kwenye ukumbi ambao hakuna mtu anayerudi kukagua sauti baada ya mapumziko, na hilo unaweza kuuliza kabla ya kununua tiketi. Wakikushangaa, ondoka.

Ile tiketi ya bure bado iko kwenye pochi. Nilikuwa nimeapa kuichana. Msimu huu watarusha baleti ya La Bayadère, na mtoto ameshasikia kutoka kwangu kuhusu ile sehemu ya vivuli, wanawake waliovaa nyeupe wakishuka mteremko gizani mmoja mmoja, kila mmoja akirudia hatua ileile ya aliyemtangulia, mguu nyuma, mwili mbele, kisha wima, mpaka jukwaa zima linajaa. Petipa aliipanga mwaka 1877 na hakuna mahali katika baleti ambapo noti iliyotangulia ingefanya uharibifu mkubwa zaidi. Tutakwenda. Nimeshamwambia tutakaa viti vya pembeni karibu na mlango, ili sauti ikianza kutangulia nifike chumba cha mitambo kabla mchezaji wa pili hajaanza kushuka.